Namna ya Kuandika Wasifu wa Mfanyabiashara Aliyekuwa Gavana: Mfano wa Leland Stanford wa California

Anayeandika maisha ya mfanyabiashara wa Marekani wa karne ya 19 aliyepata kuwa gavana wa jimbo hukosea mara nyingi kwenye mpangilio kabla hajakosea kwenye habari. Huandika sura ya biashara, akaifunga, kisha akafungua sura ya siasa, kana kwamba mtu huyo alivua koti moja mlangoni na kuvaa jingine. Mwongozo huu unapendekeza njia tofauti, yaani kupanga shughuli za kampuni na shughuli za ofisi ya umma kwenye jedwali moja lenye safu mbili zinazokwenda sambamba kwa tarehe, na kuandika wasifu wote kutokana na jedwali hilo. Mfano nitakaoutumia ni Leland Stanford, mwenye duka wa Sacramento aliyekuwa gavana wa nane wa California kuanzia Januari 1862 hadi Desemba 1863, na wakati huohuo rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Nimemchagua kwa sababu sehemu kubwa ya nyaraka zinazomhusu zinasomeka na mtu aliyeketi Nairobi, na kwa sababu habari ya reli, mikopo ya serikali na vibarua kutoka ng'ambo si ngeni kwa wakazi wa mji ulioanza kama kituo cha reli.

Anza na cheo kabla ya mtu

Msomaji wa Nairobi ana magavana wa aina mbili kichwani, na wote wawili watampotosha usipomwahi. Wa kwanza ni gavana wa kikoloni, aliyetumwa na Uingereza na ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote hapa. Wa pili ni gavana wa kaunti, aliyeanza kuchaguliwa mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, anayeongoza mojawapo ya kaunti 47 kwa kipindi cha miaka mitano na asiyeruhusiwa kupita vipindi viwili. Gavana wa California wa mwaka 1862 hakuwa kama huyu wala yule. Jimbo lake lilikuwa na katiba yake lenyewe tangu 1849, bunge lenye mabaraza mawili, Mahakama ya Juu ya jimbo na vikosi vya wanamgambo. Yeye alichaguliwa kwa miaka miwili tu, na wapiga kura walikuwa wanaume weupe peke yao. Aliweza kutia saini mswada au kuukataa, kuwasamehe wafungwa, kuwaita wanamgambo, na kumteua jaji pale kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo kilipobaki wazi kabla ya uchaguzi.

Yaeleze hayo katika aya moja karibu na mwanzo wa wasifu, kisha usiyarudie. Ndiyo yatakayokuonyesha, utakapofika kwenye tarehe zenyewe, ni wapi gavana angeweza kuifaa kampuni yake na ni wapi hakuwa na uwezo hata kama angetaka. Sheria iliyoruhusu reli ya kuvuka bara ilipitishwa na Bunge la Marekani kule Washington na kutiwa saini na Rais Abraham Lincoln, si na Stanford. Lakini uteuzi wa jaji huko Sacramento, mji mkuu wa jimbo, ulikuwa kwenye meza yake.

Jedwali lenyewe

Chukua daftari kubwa la mistari, au fungua programu ya jedwali kwenye kompyuta, na uweke safu ya kushoto kwa ofisi ya umma na ya kulia kwa biashara. Pembeni acha nafasi nyembamba kwa familia na kwa mambo makubwa ya nchi, kama Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kila mstari ubebe tarehe na mahali ulipoitoa tarehe hiyo. Kama umepata mwezi bila siku, andika mwezi. Nafasi tupu haimdhuru mtu, ilhali tarehe ya kubahatisha itakudhuru mbele ya safari.

Miaka ya mwanzo isikuchukulie muda mrefu. Stanford alizaliwa tarehe 9 Machi 1824 huko Watervliet, jimbo la New York, akasomea sheria Albany, akafungua ofisi ya uwakili Port Washington, Wisconsin, mwaka 1848, na kumwoa Jane Lathrop mwaka 1850. Mwaka 1852 moto uliteketeza ofisi na vitabu vyake vya sheria, naye akawafuata ndugu zake California, ambako walikuwa wakiwauzia bidhaa wachimba dhahabu. Huko aliendesha duka katika mji mdogo wa machimbo ulioitwa Michigan City, na hapohapo akawa hakimu wa ngazi ya chini wa eneo hilo. Angalia kwamba tayari safu zote mbili zina maandishi: aliyekuwa akiwauzia watu sepetu na unga ndiye aliyekuwa akiwaamulia kesi zao ndogondogo. Mwandishi aliyegawa maisha haya kwa sura angeupita mstari huo bila kuuona.

Baada ya hapo punguza mwendo, kwa maana miezi thelathini kuanzia Juni 1861 ndiyo kiini cha wasifu. Mwaka 1857 Stanford aliwania uweka hazina wa jimbo akashindwa; mwaka 1859 akawania ugavana kwa tiketi ya Chama cha Republican akashindwa vibaya. Juni 1861 chama hicho kikamteua tena kuwania ugavana. Mwezi huohuo, tarehe 28, kampuni ya Central Pacific ilisajiliwa, naye akawa rais wake. Pamoja naye walikuwa wafanyabiashara wenzake wa Sacramento, Collis Huntington na Mark Hopkins waliouza vifaa vya chuma, na Charles Crocker aliyeuza vitambaa, na mhandisi Theodore Judah aliyekuwa amepima njia ya kupita milima ya Sierra Nevada. Septemba 1861 akashinda uchaguzi. Tarehe 10 Januari 1862 akaapishwa. Tarehe 1 Julai 1862 Lincoln akatia saini sheria ya reli. Tarehe 8 Januari 1863, karibu na kingo za mto huko Sacramento, mtu aliyechota udongo wa kwanza kwa koleo mbele ya umati alikuwa gavana wa jimbo na rais wa kampuni kwa pamoja, huku Crocker akiongoza sherehe. Mwaka huohuo gavana akamteua Edwin Crocker, ndugu wa Charles, kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Edwin alipotoka mahakamani akawa mwanasheria wa kampuni. Desemba 1863 Stanford aliondoka ofisini, na urais wa kampuni akabaki nao.

Ukishaandika mistari hiyo, chora alama pale ambapo safu mbili zinagusana katika mwezi mmoja au miwili. Hizo ndizo sehemu za kukaa nazo. Usikimbilie kuandika neno ufisadi. Mkenya aliyezoea Sura ya Sita ya Katiba yetu kuhusu uongozi na maadili atauona mgongano wa maslahi mara moja, na ana haki ya kuuona. Lakini kazi ya mwandishi wa wasifu ni kuuliza kwanza kama sheria ya California ya wakati ule ilikataza jambo hilo, na pili kama watu wa wakati ule walililalamikia. Magazeti ya Sacramento na San Francisco yatakujibu swali la pili, na majibu yao yatakuwa na uzito kuliko hasira ya mtu anayesoma miaka zaidi ya 160 baadaye.

Palipo na tuhuma, andika nani alidai, wapi na kuhusu nini. Mei 1863 wapiga kura wa San Francisco waliulizwa kama mji wao uiunge mkono kampuni kwa hatifungani, na baadhi ya watu wakaapa kwamba Philip Stanford, ndugu wa gavana, aligawa sarafu za dhahabu kwenye vituo vya kura. Sentensi ya wasifu iseme hivyohivyo: watu waliapa, na aliyetajwa ni ndugu. Ukiandika kwamba gavana alinunua kura, umeandika jambo ambalo viapo hivyo havikulisema.

Soma nyuma ya tarakimu za ushindi

Wasifu wa sifa hupenda kusema kwamba Stanford alichaguliwa kwa kishindo. Alipata kura zaidi ya 56,000 mwaka 1861, na ukilinganisha na zile zilizozidi 10,000 kidogo tu alizopata miaka miwili kabla, kishindo kinaonekana kipo. Lakini Chama cha Democratic kiligawanyika kwa sababu ya vita na kusimamisha wagombea wawili, John McConnell na John Conness, ambao kura zao zikijumlishwa zilimzidi. Stanford alishinda bila kufikisha nusu ya kura zote. Sisi wa Kenya tunalijua jambo hilo tangu uchaguzi wa 1992, kwa hiyo msomaji wako hatahitaji maelezo marefu. Mpe tu tarakimu za wagombea wote watatu.

Siku ya kuapishwa nayo inastahili aya yake. Mvua za majira ya baridi ya 1861 na 1862 zilileta mafuriko makubwa yaliyoizamisha Sacramento, na gavana mteule akaenda kuapishwa kwa mashua kupitia mitaa iliyogeuka mito. Muda mfupi baadaye bunge la jimbo likahamia San Francisco kwa kikao hicho. Husimuliwa kwamba aliporudi nyumbani aliingilia dirisha la ghorofa ya juu. Ukitaka kuitumia habari hiyo, itumie kama masimulizi, usiiingize kwenye jedwali.

Alichosema na alichofanya

Hapa safu mbili hufanya kazi ambayo hakuna mbinu nyingine ninayoijua inayoweza kuifanya. Katika hotuba yake ya kuapishwa, Januari 1862, Stanford aliwaeleza watu wa Asia kuwa jamii duni na kutaka kuhamia kwao California kuzuiwe kwa kila njia ya halali. Tarehe 26 Aprili 1862 jimbo likapata sheria iliyotangaza kwa jina lake kwamba inawalinda wafanyakazi weupe dhidi ya ushindani wa Wachina, ikiwatoza Wachina wengi kodi ya dola 2.50 kila mwezi. Mahakama ya Juu ya jimbo baadaye iliibatilisha. Hayo yote yako kushoto.

Sasa angalia kulia. Kampuni ilianza kuwaajiri Wachina wachache mwaka 1864, na mwaka 1865 ikawaajiri kwa wingi, kwa kuwa wafanyakazi weupe waliiacha kazi ya reli na kukimbilia machimbo. Tarehe 10 Oktoba 1865 Stanford, wakati huo akiwa rais wa kampuni tu, alimwandikia Rais Andrew Johnson taarifa iliyowasifu Wachina kuwa watulivu, wavumilivu, wenye bidii na wasiofuja, na kusema kwamba bila wao reli isingekamilika kwa muda uliowekwa na sheria. Kati ya hotuba na taarifa hiyo hakuna hata miaka minne. Usimwandikie msomaji kwamba Stanford alibadilika moyo. Huna ushahidi wa moyo wake. Unacho ushahidi wa kile alichowaambia wananchi alipoapishwa na alichomwambia rais wa nchi alipohitaji vibarua. Viweke vyote viwili kwenye aya moja, na msomaji ataelewa bila kusukumwa.

Endelea na habari ya hao waliosifiwa. Kazi ilipopamba moto, Wachina zaidi ya 10,000 walikuwa wakichonga miamba ya Sierra Nevada, wengine wakichimba mahandaki katikati ya theluji kwa baruti na baadaye kwa nitrogliserini. Walilipwa kidogo kuliko weupe, tena walijinunulia chakula chao wenyewe. Juni 1867 maelfu yao waligoma wakidai dola 40 kwa mwezi na saa chache za kazi. Charles Crocker aliwakatia chakula kule mlimani, na baada ya takriban wiki moja mgomo ukaisha bila madai yao kukubaliwa.

Utakapotaka kuwasikia wafanyakazi hao kwa sauti yao utakutana na ukimya. Watafiti wa Marekani na China wametafuta kwa miaka mingi bila kupata barua wala shajara hata moja ya mfanyakazi huyo. Kuna orodha za mishahara za kampuni, ambazo mara nyingi zimeandika jina la kiongozi wa kundi na idadi ya watu wake badala ya majina yao. Kuna bakuli, vifungo na vyombo vilivyofukuliwa kwenye kambi zao. Usiuzibe ukimya huo kwa kuwatungia mazungumzo. Sema ulivyo na kwa nini uko hivyo. Msomaji wa Nairobi atakuwa ameshakumbuka Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, iliyofika hapa mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na ulinganisho huo unafaa kwa sentensi mbili. Zaidi ya hapo unapotosha: reli yetu ilijengwa na serikali ya Uingereza kwa fedha za walipa kodi wake, nayo Central Pacific ilikuwa kampuni ya watu binafsi iliyokopeshwa na serikali.

Kuna mstari mwingine wa safu ya kushoto ambao wasifu za sifa huuruka. Februari 1863, mwezi mmoja baada ya sherehe ya koleo, gavana Stanford alitoa wito wa kuunda vikosi vya kujitolea kupigana na wenyeji wa asili wa kaskazini mwa California. Uweke mahali pake kwa tarehe yake.

Pesa zipimwe kwa mshahara

Usibadilishe dola za 1862 kuwa shilingi za leo. Tarakimu utakayoipata itakuwa kubwa, itavutia macho, na haitamwambia msomaji chochote. Isitoshe, shilingi yenyewe haikuingia Afrika Mashariki hadi 1921. Pima pesa kwa pesa za wakati uleule. Sheria ya 1862 iliiahidi kampuni mkopo wa hatifungani za serikali kwa kila maili ya reli: dola 16,000 kwenye tambarare, 32,000 kwenye nyanda za juu zilizo kati ya milima, na 48,000 milimani, mbali na ardhi, ambayo mwaka 1864 iliongezwa maradufu. Mfanyakazi wa Kichina akilipwa karibu dola 30 kwa mwezi, mkopo wa maili moja ya mlima ulitosha mshahara wa mwezi mmoja wa watu 1,600. Hapo msomaji ameshika kitu.

Kisha uliza mlima ulianzia wapi, kwa sababu swali hilo lilikuwa na thamani ya dola 32,000 kwa kila maili. Mtu aliyesimama Sacramento aliona tambarare mbele yake kwa mwendo mrefu. Hata hivyo Josiah Whitney, mwanajiolojia wa jimbo, alitoa maoni kwamba udongo wa Sierra Nevada huanzia Arcade Creek, kijito kilicho maili 7 tu kutoka mjini, na Januari 1864 Lincoln akaukubali mpaka huo. Kwenye jedwali lako tukio hili litaingia safu zote mbili: Whitney alikuwa akilipwa na jimbo, na faida ilikwenda kwa kampuni. Nalipenda tukio hili kuliko msumari wa dhahabu uliogongwa kwenye sherehe ya kukamilisha reli, maana linaonyesha biashara na serikali zikikutana kwenye tope la kijito ambacho hakuna aliyewahi kukipiga picha ya sherehe.

Utakapofika kwenye swali la faida walizogawana Stanford na wenzake watatu, jua mapema kwamba mlango mmoja umefungwa. Kampuni yao ya ujenzi, Contract and Finance Company, iliyoanzishwa mwaka 1867, ndiyo iliyolipwa na Central Pacific kwa kazi ya kujenga. Kwa maneno mengine, walijipa kandarasi wenyewe. Tume ya serikali ilipouliza vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo mwaka 1887 vitabu havikupatikana, na Stanford alipoulizwa kuhusu malipo fulani alikataa kujibu, mahakama ikamuunga mkono. Ushahidi wa tume hiyo ulichapishwa na serikali ya Marekani, na ni usomaji mzuri sana kwa mtu anayetaka kujua jinsi mzee tajiri anavyojibu maswali asiyoyapenda.

Vyanzo vinavyopotosha

Ukiulizwa reli ya kuvuka bara ilikamilika lini, jibu ni tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory Summit, Utah, ambapo Stanford aligonga msumari wa dhahabu. Lakini msumari wenyewe, ambao umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu alichokianzisha, umechorwa maandishi yanayosema reli ilikamilika tarehe 8 Mei 1869. Ulichongwa kabla ya sherehe, na sherehe ikachelewa siku mbili kwa sababu ya mvua zilizoharibu njia na kwa sababu wafanyakazi wasiolipwa walikuwa wamemzuilia njiani Thomas Durant, mkubwa wa kampuni ya pili, iliyojenga reli hiyo kutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo dhahabu inasema tarehe moja na magazeti yanasema nyingine, na magazeti ndiyo yenye haki. Mfano huo mmoja unatosha kukufundisha kuuliza kila kitu kilitengenezwa lini na kwa ajili ya nani.

Picha zina shida hiyohiyo. Mchoro mkubwa wa rangi wa Thomas Hill unaoonyesha sherehe hiyo, uliokamilika mwaka 1881, una watu ambao hawakuwako, akiwemo Theodore Judah aliyefariki Novemba 1863. Picha mashuhuri iliyopigwa na Andrew Russell siku ile inaonyesha wahandisi wakuu wa kampuni mbili wakishikana mikono mbele ya vichwa viwili vya treni, na Stanford hamo. Ukiitumia kwenye wasifu wake, maelezo ya chini ya picha yaseme hivyo.

Kuna pia makosa madogo yanayonakiliwa kutoka wasifu hadi wasifu. Utasoma kwamba gavana Stanford alianzisha chuo cha walimu cha San José. Sheria ya chuo hicho kweli ni ya 1862, lakini chuo kilifunguliwa San Francisco na kikahamia San José mwaka 1871.

Kupata nyaraka ukiwa Nairobi

Magazeti ya California ya miaka hiyo, kama Sacramento Daily Union na Daily Alta California, yanasomeka bure kwenye mkusanyo wa magazeti ya dijitali wa California, na unaweza kutafuta kwa neno na kwa tarehe. Hotuba za kuapishwa za magavana zimewekwa na Maktaba ya Jimbo la California. Vitabu vya zamani viko Internet Archive. HathiTrust nayo inavyo, ila baadhi havifunguki kwa mtu aliye nje ya Marekani, kwa hiyo kikikataa kitafute kichwa hichohicho kwingine kabla ya kukata tamaa. Kurasa za magazeti yaliyopigwa picha ni nzito na hula bando upesi. Zipakue mahali penye intaneti ya bure, kama maktaba ya chuo au Maktaba ya Taifa pale Upper Hill, na ulipe faili jina linaloanza na tarehe ili lijipange lenyewe. Zile tano au sita muhimu zichapishe saiba, kwani kusoma herufi ndogo za 1862 kwenye simu kunachosha macho.

Stanford hakuwa mwandishi mzuri wa barua, na utakachopata kwa mkono wake ni kidogo. Barua za Huntington na Hopkins ndizo zinazomwonyesha vizuri zaidi, na kwa kawaida wanamlalamikia. Karatasi za Huntington zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Syracuse. Zisome ukikumbuka kwamba watu hao wawili waliishia kuwa maadui, na kwamba mwaka 1890 Huntington alimwondoa Stanford kwenye urais wa Southern Pacific, kampuni yao nyingine ya reli. Barua ya mtu mwenye kinyongo inaweza kuwa ya kweli, lakini tafuta shahidi wa pili.

Ukiwaandikia watunza nyaraka wa California, tuma ujumbe wako jioni. California iko nyuma ya Nairobi kwa saa 10 au 11 kulingana na majira, hivyo saa moja jioni ya hapa ni asubuhi wanapofungua ofisi. Uliza jambo moja lililo wazi, kwa mfano sanduku fulani au barua ya tarehe fulani. Anayeomba kila kitu kuhusu Stanford hujibiwa kwa kuelekezwa kwenye katalogi.

Kuandika

Jedwali likiisha, wasifu huanza kujiandika, ila kuna mtego mmoja wa lugha. Mwandishi hujikuta akisema: "Stanford alikuwa kiongozi mwenye maono aliyeunganisha mashariki na magharibi ya Marekani kwa reli." Sentensi hiyo haina tarehe, haina pesa, haina mtu mwingine, na ingeweza kuandikwa na mtu asiyesoma chochote. Linganisha na hii: "Asubuhi ya tarehe 8 Januari 1863 gavana Stanford alichota koleo la udongo kwa niaba ya kampuni ambayo yeye ndiye aliyekuwa rais wake, kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuahidiwa na serikali ya nchi hadi dola 48,000 kwa kila maili, na jimbo aliloliongoza lilikuwa limepitisha mwaka uliotangulia sheria ya kuwatoza kodi Wachina kwa kuwa Wachina tu." Hakuna neno la sifa wala la lawama ndani yake. Kila aya ya miaka ya ugavana ijaribu kuwa na angalau kitu kimoja kutoka kila safu.

Familia iingie bila kufunika hesabu. Mwana wa pekee wa Stanford, Leland mdogo, alifariki kwa homa ya matumbo huko Florence, Italia, tarehe 13 Machi 1884 akiwa na miaka 15, na wazazi wake wakaanzisha chuo kikuu kwa jina lake: hati ya kukianzisha ni ya tarehe 11 Novemba 1885, na milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1891. Ni habari ya huzuni ya kweli na iandikwe kwa heshima. Waandishi wengi, hata hivyo, wakifika hapo huacha kabisa kuuliza pesa zilitoka wapi, na wasifu wote ukageuka rambirambi. Stanford mwenyewe wakati huo alikuwa seneta mjini Washington, tangu 1885 hadi kifo chake tarehe 21 Juni 1893, akiketi kwenye Bunge lilelile ambalo kampuni yake ilikuwa bado na deni lake.

Kwa sababu ya deni hilo, usiufungie wasifu kwenye mazishi. Baada ya kifo chake serikali ya Marekani iliishtaki mirathi yake ikidai zaidi ya dola milioni 15 kama sehemu yake ya mkopo wa reli, na mali ikazuiwa kiasi kwamba Jane Stanford alilazimika kubana matumizi ili walimu wa chuo walipwe. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mirathi haikuwa na deni hilo. Huo ndio uwe mstari wa mwisho wa jedwali lako, na uuandike ukipita safu zote mbili.